Miche yangu ya mvinje imedumaa hapa Ganda. Watu wa utafiti wa misitu pale Gede humpokea mkulima mdogo?

BintiGanda

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Niko Ganda, nyuma ya Malindi mjini. Marehemu baba aliniachia ekari mbili za mikorosho iliyozeeka, mingine imekauka imesimama vivyo hivyo. Upande wa chini nimeamua kuweka mvinje. Nina watoto watatu shuleni, na mvinje ndio mti ninaouona hapa kwetu mtu akiupanda akaukata kabla mtoto hajamaliza sekondari. Wajenzi huja wenyewe mpaka shambani kuulizia nguzo.

Mwaka jana nilinunua miche 300 kwa muuzaji wa kando ya barabara, sitamtaja. Ilifika mizuri, lakini kiangazi hakikuisha nayo. Safari hii nikasema nitaotesha mwenyewe. Shangazi yangu aliye Msabaha alinipa vile vitunda vya mvinje, nikavianika juu ya kanga siku nne vikafunguka. Mbegu zake ni nyepesi mno, kila moja ina ubawa mmoja kama wa kumbikumbi, ukikohoa karibu zinaruka. Tuta la kwanza lilibebwa lote na sisimizi usiku mmoja. La pili nililizungushia jivu, zikaota, nikahamishia viriba 600. Udongo nilichukua ule mwekundu uliochimbwa msingi wa nyumba ya ndugu yangu, nikachanganya na samadi kidogo ya mbuzi.

Sasa ni wiki ya kumi tangu nihamishe. Mche mrefu kabisa haupiti kiganja changu. Rangi ni ya ndimu iliyoiva. Maji napiga asubuhi na jioni, kivuli nimeweka cha makuti, wadudu siwaoni. Kila siku natupa viwili vitatu. Swali la kwanza ni hilo: ina tatizo gani?

Swali la pili. Kila wiki nikienda Gede kwa matatu napita kibao cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI. Kaka yangu ananiambia nisijisumbue, hao makao yao ni Muguga, kazi yao ni misaipresi na mikaratusi ya bara, na mwanamke mwenye nusu ekari ya mvinje atarudishwa getini. Nauliza wanaojua: taasisi hii hasa hufanya nini, na ilikujaje huku kwetu?

JiraniWaMsabaha

Dada, hiyo ni njaa tu. Tia mbolea ya duka, ile nyeupe ya chembechembe, nusu kijiko kwa kila kiriba kisha maji mengi. Yangu nilifanya hivyo ikarudi kijani ndani ya wiki. Hiyo habari ya taasisi siijui.

MzeeWaKitalu

Waalaikumu salaam, mwanangu. Mimi nimefanya kazi ya vitalu miaka 27 hapa Pwani, kuanzia kibarua wa kujaza viriba mpaka msimamizi. Nimestaafu, lakini mkono haujasahau. Kabla hujatia chochote, fanya hivi leo hii: chukua mche mmoja kati ya ile unayotaka kutupa, chana kiriba, uutumbukize pamoja na udongo wake kwenye ndoo ya maji mpaka udongo uachie wenyewe. Usiuvute. Kisha utazame mizizi juani. Ukiona vinundu vya rangi ya udongo, vimejikusanya kama kichwa kidogo cha koliflawa, niambie. Ukiona mizizi mitupu, niambie pia.

Jirani hakukosea aliposema njaa. Ni njaa ya naitrojeni. Lakini mvinje haukuumbwa kulishwa naitrojeni kwa kijiko. Una mwenzake, bakteria wa mchangani, wataalamu humwita Frankia. Huyu huingia mzizini, akajenga hivyo vinundu, akachukua naitrojeni iliyo hewani akaupa mti. Mti nao humpa sukari yake. Kunde na pojo nazo hufanya mambo kama hayo, ila bakteria wao ni mwingine kabisa, kwa hiyo udongo wa shamba la kunde hautakusaidia. Ndio maana mvinje husimama kwenye mchanga mtupu wa pwani ambapo mahindi hayatoki shina. Pale Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti kwenye shimo la matumbawe lililochimbwa saruji, jiwe jeupe tupu. Alijaribu aina nyingi, nyingi zikafa, mvinje ukashika. Kisha akaleta majongoo watafune zile sindano zinazoanguka, udongo ukaanza kujijenga.

Ukiutilia mvinje mchanga mbolea ya naitrojeni kwa wingi, utakuwa kijani, kweli, lakini hautahangaika kumkaribisha yule mwenzake. Ukiupeleka shambani, mbolea ikiisha, unabaki peke yake. Huenda ile miche 300 uliyonunua ilikuwa na hali hiyohiyo. Sikuiona, siwezi kuapa.

Na huo udongo wa msingi wa nyumba, mwanangu, ndio ulionishtua nilipousoma. Umetoka chini kabisa. Humo hamna mzizi wa mvinje tangu dunia iumbwe.

Habari ya taasisi nitakuandikia usiku, mjukuu anataka simu.

BintiGanda

Mzee, shikamoo. Nimeosha miche sita. Mizizi ni mitupu, myeupe kama uzi wa kushonea. Hata kinundu kimoja hakuna.

Kisha nikaenda kwa shangazi Msabaha, nikafukua pembeni ya mche uliojiotea chini ya mivinje yake. Huo ulikuwa na vinundu viwili, kimoja kama punje ya pojo, kingine kama harage, na mche wenyewe kijani kibichi. Haukupita wangu kwa urefu, lakini rangi! Nilikaa chini nikautazama muda mrefu.

Sasa nifanye nini na hii 500 iliyobaki?

MzeeWaKitalu

Marahaba. Umefanya vizuri kwenda kutazama kwa jicho lako.

Chini ya mivinje ya shangazi, kwanza hakikisha miti yenyewe ina afya. Mti unaokauka kuanzia kileleni, au unaotoa utomvu shinani, usichukue udongo wake, utahamisha maradhi. Ondoa sindano kavu za juu, chukua ule udongo mweusi wa chini yake, kina cha vidole vinne, pamoja na zile sindano zilizooza. Kila kiriba tia konzi moja ndogo juu, choma mashimo mawili kwa kijiti ili uingie, mwagia maji. Vinundu vibichi ukivipata, viponde siku hiyohiyo, uvikoroge kwenye ndoo, umwagie. Visilale vikakauka. Kisha punguza kivuli kidogo kidogo. Mvinje ni mti wa jua. Baada ya hapo ni subira, usitazamie kitu kabla ya wiki nne.

Sasa taasisi. Kaka yako asilaumiwe sana, kwani wengi huchanganya. Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ndilo lenye askari wa misitu na leseni za kukata. KEFRI halilindi msitu wala halikamati mtu. Kazi yake ni kujua: mti gani hapa, mbegu kutoka wapi, unaugua nini, unavunwa lini, mbao yake inafaa nini.

Utafiti wa misitu Muguga ni wa kale kuliko Kenya huru. Mwaka 1948 Waingereza waliweka pale shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki nzima, EAAFRO. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na kipande chake. Wenzetu Tanzania waliunda yao, TAFORI, mwaka 1980, iko Morogoro. Kwetu misitu ilikuwa chini ya utafiti wa kilimo mpaka mwaka 1986 KEFRI iliposimama yenyewe. Na miaka hiyohiyo ya themanini Wajapani waliingia kusaidia, Muguga na Kitui, kwa kazi ya kumfundisha mkulima mdogo apande miti shambani kwake. Kwa hiyo kusema taasisi ni ya mashamba makubwa ya serikali si kweli. Misaipresi wanaishughulikia, ndiyo. Mwaka 1990 vidukari vilipoivamia, misitu ya bara ilikuwa inakauka milima kwa milima, na dawa iliyopatikana ni nyigu mdogo wa kuwala hao vidukari. Hiyo nayo ni kazi ya utafiti. Lakini wana vituo Kitui, Londiani, Maseno, Turkana, na hapo Gede kwa ajili ya Pwani, kwa sababu mti wa Muguga penye baridi hautakwambia lolote kuhusu mchanga wa Ganda.

Nikupe mfano wa kazi yao ninaoupenda kuliko yote. Ukambani kuna mti unaitwa mukau, mbao yake nyekundu na ngumu, mchwa hauigusi kirahisi. Watu waliutaka, hawakuweza kuuotesha. Mbegu imefungwa ndani ya kokwa kama jiwe. Mbuzi walikula matunda, wakatema kokwa zizini, moja moja ikaota kwa bahati. Watafiti wakakaa na hiyo kokwa: ipasuliwe kwa kisu upande huu si ule, mbegu isiumie, ncha yake ikatwe kidogo tu, ganda lichanwe kwa wembe, ilowekwe, ndipo iende mchangani. Nimewaona akina mama wakiifanya kazi hiyo, wembe umeshikwa kwa vidole viwili, mbegu moja baada ya nyingine, hakuna anayezungumza. Baadaye wakatafuta mukau bora kabisa katika nchi kavu, ulionyooka, uliokua haraka, wakachukua vikonyo vyake, yaani vitawi vya kupandikiza, na mwaka 2012 wakaanza mashamba ya mbegu Kitui na Kibwezi. Leo mtu hununua mbegu akijua mama yake ni nani. Usije ukaupanda mukau Ganda kwa kusikia sifa zake, mvua yetu ni nyingi kwake.

Na nikuambie na upande mwingine, kwa sababu sipendi kusifu nusu. Mti wa mathenge uliletwa kwa nia njema. Uliingia Kenya mwaka 1973, hukohuko kwenye machimbo ya Bamburi, na miaka ya themanini ukapandwa nchi kavu, Baringo na Bura, kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ukala malisho, ukaziba njia za maji, watu wa Baringo wakaishtaki serikali na kumpeleka mahakamani mbuzi aliyeharibika meno kwa maganda yake. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakitafuta namna ya kuudhibiti, kuuchoma makaa, kusaga maganda yawe chakula cha mifugo. Mti ukiupanda pasipo kuujua, wajukuu ndio watakaoujua. Hiyo ndiyo sababu ninayoona kazi hii haifai kufanywa kwa haraka.

Nilipokuwa kijana tulipewa kazi ya kupima miti. Unazungusha utepe kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, unaandika, kisha unachora mviringo wa rangi hapohapo ili atakayekuja mwakani apime mahali palepale. Nilidhani ni upuuzi. Mti uleule, kila mwaka, umeongezeka unene wa kucha. Miaka kumi baadaye nikaona daftari lote limefunguliwa mezani: aina hii ya mvinje, mbegu ya mahali hapa, kwa nafasi hii, nguzo miaka mitano, ile nyingine, saba. Mkulima anayesomeshea watoto, miaka miwili ile ni karo. Hakuna mtu mmoja angeweza kuingoja peke yake, maana mtumishi huhamishwa, hustaafu, hufa. Ofisi hubaki na daftari.

Nenda Gede. Chukua miche miwili, mmoja wako na mmoja wa shangazi, na udongo kidogo ndani ya mfuko. Mwambie askari wa getini umekuja kuuliza habari za miche.

FundiWaShela

Salaam kutoka Lamu. Nimeusoma uzi huu mpaka chini na nina langu.

Mimi ni fundi wa nyumba. Huku kwetu nyumba ni mikoko: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na jina lake na mahali pake darini. Baba yangu aliishi kwa mikoko iliyokuwa ikipakiwa majahazini kwenda Arabuni, mpaka ilipopigwa marufuku kuuza nje mwaka 1982. Mwaka 2018 tena ikaja amri ya kutokata miti nchi nzima na sisi tukaingia humo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, kwa hiyo amri ya mikoko ikitoka Nairobi, huangukia vichwa vyetu.

Sina ugomvi na kuhifadhi. Naupenda mkoko, nimelala chini ya boriti zake tangu nizaliwe. Ugomvi wangu ni huu: miaka kadhaa nyuma walikuja watu na fedha, sitawataja, wakatuambia tupande. Kikundi chetu kilipanda mkoko maelfu, zile mbegu ndefu zinazoota zikiwa bado juu ya mti, tukazichomeka kwenye tope lililo wazi mbele ya kijiji, mistari imenyooka kama shule. Picha zikapigwa. Mwaka haukuisha, zote zilikuwa zimekufa. Akina mama wale walisimama maji ya magotini siku nzima. Hakuna aliyerudi kutuambia kwa nini. Mzee, unajua?

Na je, nguzo ya mvinje itadumu darini kama boriti ya mkoko?

MzeeWaKitalu

Fundi, pole kwa kazi ile, na pole kwa wale akina mama.

Sikuwepo, kwa hiyo nasema kwa yale niliyoyaona kwingine. Mikoko ina aina nyingi, na kila aina ina mtaa wake. Mlilana hukaa mbele, unapigwa na bahari, maji yanaujia kila siku. Nyuma yake mkoko wenyewe, kando ya mikono ya maji. Kisha muia na mkandaa, na kule nyuma kabisa, maji yanakofika kwa bamvua tu, yale maji makubwa ya bahari, utaona mchu, ingawa mchu ni mvumilivu, hata mbele huweza kusimama. Tope lililo wazi mbele ya kijiji mara nyingi liko wazi kwa sababu: maji yanakaa muda mrefu mno, au mawimbi yanalichota, au ni la mlilana na mkapanda mkoko. Mkoko hupendwa na wapandaji kwa kuwa mbegu yake ni ndefu, inashikika, inachomekeka. Huo ni urahisi wa mpandaji.

Swali la kwanza linalotakiwa ni: hapa palikuwa na mikoko zamani? Kama ilikuwapo, nini kiliiondoa? Kama ni barabara au tuta limeziba maji, fungua maji, na mara nyingi mbegu zitakuja zenyewe na bamvua. Kama hapakuwa nayo kamwe, acheni tope liwe tope, kaa na ndege wana haja nalo.

Kuhusu nguzo, sitakudanganya. Mvinje una nguvu lakini ukifukiwa ardhini bila dawa, mchwa huupata, na hupasuka ukikauka juani. Darini, pakavu, umekauka kivulini na kuondolewa gome, hufanya kazi njema. Boriti ya mkoko haujaifikia. Lakini kila nguzo ya mvinje inayoingia kwenye nyumba ya kawaida, jukwaa la ujenzi au ua, ni boriti moja iliyobaki majini kwa ajili ya zile nyumba zenu za mawe zinazoihitaji kweli.

FundiWaShela

Nimekuelewa, mzee. Pale mbele hapakuwa na kitu hata enzi za babu. Sisi wenyewe tulijua, na hatukuulizwa. Nyuma ya kijiji ndiko kulikokuwa na mkandaa, ukafa baada ya kujengwa tuta la njia. Nitaongea na kikundi kuhusu hilo tuta.

BintiGanda

Nimerudi, wiki ya saba sasa tangu nitie udongo wa shangazi.

Kwanza Gede nilikwenda. Getini niliandikishwa jina, nikaelekezwa kitaluni. Kijana mmoja aliyekuwa akipanga viriba aliiona mizizi yangu mitupu akasema kabla sijafungua mdomo, "Udongo huu ulichimba wapi?" Nilipomwambia msingi wa nyumba, alitikisa kichwa. Alinionyesha miche yao, akaniambia nisihamishie shambani mpaka ifike urefu wa goti, na nisipande karibu karibu kwa tamaa, hatua mbili kubwa baina ya mti na mti. Pia akaniambia mbegu ya mvinje ikikaa miezi nyumbani kwenye joto huishiwa nguvu, kwa hiyo zile nilizokuwa nimehifadhi kabatini kwa ajili ya mwakani nizioteshe sasa.

Sasa miche. Katika 500 imebaki 412. Jana niliosha mmoja. Ulikuwa na vinundu vitatu, kikubwa kama pojo. Ncha zote zimerudi kijani, chini bado kuna ile njano ya zamani, nayo haitaondoka, naona itaanguka tu. Mirefu imepita kiko cha mkono.

Kaka alikuja jioni akaipita miche bila neno, akaenda mpaka mwisho wa kitalu, akarudi. Kisha akauliza kama ule udongo wa shangazi umebaki, kwani naye ana mahali pake Mijomboni.

Ya kwanza nitaitoa vuli ikianza kunyesha. Nitapanda upande wa chini, penye mchanga, mikorosho ya baba iliyo hai nitaiacha isimame.